Namba Nazo Zina Asili: Maji Maji Walikufa Wangapi?

Nimekuwa kimya, si mnajua tena msimu wa semina na majaribio, mtu unakaa maktaba kama mjusi wa ukutani. Leo naleta kitu ambacho wengi wetu tuliotoka HKL na HGL tulidhani tumeshakiaga kidato cha nne, tukakifungia mlango na ufunguo tukautupa: hesabu. Ndiyo, hesabu. Kozi ya mbinu za utafiti ilikuwa inatusubiri hapa chuoni na wastani wake, asilimia zake na majedwali yake, inachekelea tu.

Nusu ya darasa walinung'unika. Mwanahistoria na takwimu wapi na wapi? Sisi kazi yetu ni nyaraka na masimulizi ya wazee, mambo ya namba waachiwe watu wa uchumi. Mimi sikubaliani. Na sitaki kubishana kwa maneno matupu, nachukua swali moja tu la historia ya nchi hii, tulipitie kwa kikokotoo cha simu, halafu kila mtu aamue mwenyewe.

Swali ni hili: Vita vya Maji Maji viliua watu wangapi?

Habari yenyewe tunaijua wote. Julai 1905 watu wa Umatumbi, kule Nandete, wanang'oa pamba ya kulazimishwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji, ananyongwa tarehe 4 Agosti 1905. Vita havifi naye, vinasambaa mpaka Liwale, Mahenge, Ungoni, makabila zaidi ya 20 yanaingia, na Wajerumani wanakuja kuvizima kabisa mwaka 1907. Hapo kila mmoja wetu anapata maksi zote. Sasa uliza idadi ya waliokufa uone vurugu.

Kwenye semina yetu ilizuka vita nyingine kabisa. Kundi moja lilisema 75,000, wana kitabu mkononi. Kundi la pili likasema 300,000, na wao wana kitabu. Sauti zikapanda. Mwisho jamaa mmoja mpenda amani akainuka, akasema jamani tusigombane, tujumlishe tugawe kwa mbili, tutapata 187,500, kila mtu ameshinda. Watu walicheka mpaka mwalimu naye akashindwa kujizuia.

Lakini hebu tujiulize, kwa nini lile wazo ni la kuchekesha? Mbona wastani ni takwimu halali, tumefundishwa? Ni kwamba wastani unafaa pale ambapo kitu kimoja kimepimwa mara nyingi kwa kipimo kinachofanana. Watu watano wakipima urefu wa ukuta kwa futi kamba, mmoja akakosea kidogo huku, mwingine kule, wastani wao utakaribia ukweli. 75,000 na 300,000 si vipimo viwili vya futi kamba moja. Zimetoka kwa watu tofauti, miaka tofauti, kwa njia tofauti, kila moja ikihesabu vifo vya aina yake. Ukizigawa kwa mbili unapata namba ya tatu ambayo hakuna mtu yeyote duniani aliyewahi kuikadiria, haina mzazi.

Na hapo ndipo linakuja neno ambalo nimelipenda sana. Mnakumbuka shule ya msingi, somo la sehemu? Namba ya juu tuliiita kiasi, ya chini tukaiita asili. Mimi naona mwanahistoria akikutana na namba yoyote aulize asili, kwa maana zote mbili: imetoka kwa nani, na ni kati ya wangapi.

Tuanze na ya kwanza, imetoka kwa nani. 75,000 ni makadirio ya serikali ya Kijerumani yenyewe. 250,000 mpaka 300,000 ni makadirio ya Gilbert Gwassa, mwanahistoria wetu wa hapa Mlimani, aliyemaliza tasnifu yake juu ya Maji Maji mwaka 1973. John Iliffe akayanukuu kwenye kitabu chake cha historia ya Tanganyika cha 1979, na tangu hapo yanazunguka kitabu hadi kitabu, mwingine ananukuu hata hajui yalianzia wapi. Steinmeier, Rais wa Ujerumani, alipofika Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha, vyombo vya habari vingi viliandika watu hadi 300,000. Serikali ile ya kikoloni ilikuwa na sababu za kutaka namba ndogo, ilikuwa inasemwa vibaya bungeni kwao Berlin kwa ajili ya makoloni. Gwassa naye, tuwe wa haki, aliandika katika nchi changa iliyokuwa inatafuta mashujaa wake, kwa hiyo naye aulizwe maswali yaleyale. Uzalendo si risiti.

Kuna mtego mdogo ambao mtu yeyote anaweza kuutumia bila hata kikokotoo: angalia mikia ya namba. 75,000, sifuri tatu. 300,000, sifuri tano. Namba ya namna hiyo inakwambia yenyewe kwamba hakuna aliyehesabu mtu mmoja mmoja, hayo ni makadirio. Sasa tazama upande wa Wajerumani: Wazungu 15, askari 73, wasaidizi wa Kiafrika 316. Jumla 404. Hizo si za kukadiria. Hao walikuwa kwenye daftari, walikuwa na mshahara au posho, mtu akifa kuna mstari unakatwa. Yaani tofauti ya sifuri tu inakuonyesha nani alikuwa na daftari na nani hakuwa nalo, nani kifo chake kilikuwa na gharama kwa serikali na nani hakikuwa nayo.

Sasa gawanya. 75,000 kwa 404 unapata karibu 186. Kwa kila mmoja aliyekufa upande wa serikali, watu 186 upande wa wananchi, na hiyo ni kwa namba ya serikali yenyewe. Ukichukua 300,000 unapata karibu 743. Lakini ngoja, msikimbilie kuandika kwenye karatasi ya mtihani kwamba bunduki ya Mjerumani ilikuwa inaua watu 186 kwa mmoja. Wengi wa waliokufa hawakufa kwa risasi. Wajerumani walichoma mashamba na vijiji, wakachukua nafaka, wakaifanya njaa kuwa silaha. Watu walikufa kwa njaa na maradhi yanayokuja na njaa, wakiwemo akina mama, wazee na watoto ambao hawakushika mkuki hata siku moja. Kwa hiyo uwiano ule haupimi mapigano, unapima msiba mzima.

Kwa sababu hiyohiyo ukisema vita vilikuwa vya miaka miwili, miezi 24, halafu 75,000 ukaigawa kwa 24 upate watu 3,125 kila mwezi, hesabu iko sawa lakini umedanganya. Hakukuwa na mwezi wa namna hiyo. Kulikuwa na siku kama tarehe 30 Agosti 1905, watu wanaiendea boma ya Mahenge mbele ya bombomu, wanaanguka kwa mamia asubuhi moja. Halafu kukawa na miezi mirefu ambayo hakuna risasi inayolia lakini ghala ni tupu na mvua ikija hakuna mbegu. Wastani unalainisha, unapiga pasi, na historia mara nyingi iko kwenye mikunjo. (Hii ndo sababu jirani yangu bwenini anasema kwa wastani tuna hela mwezi mzima. Bumu likiingia siku ya kwanza ukaligawa kwa siku 30, kweli hakuna mwenye njaa.)

Haya, asili ya pili: kati ya wangapi? Iliffe anaposema makadirio ya Gwassa anaongeza kitu ambacho wengi wanaonukuu wanakiruka, kwamba pengine ni theluthi moja ya watu wote wa eneo lile. Kwangu mimi hicho kipande ndicho muhimu kuliko 300,000 yenyewe, maana kinatupa mlango wa kuingilia. Kama 250,000 mpaka 300,000 ni theluthi, basi eneo lote la vita lilikuwa na watu kati ya 750,000 na 900,000. Je, inawezekana?

Tunahitaji idadi ya watu wa koloni zima. Wajerumani mwaka 1913 walikadiria Waafrika wapatao milioni 4.1. Waingereza wakaja, hesabu yao ya 1921 nayo ikaangukia karibu milioni 4.1. Kwa hiyo eneo la Maji Maji lingekuwa na asilimia 18 hadi 22 ya watu wote. Kwa eneo lililoanzia Kilwa na Rufiji, likapita Liwale na Lindi, likaenda Ulanga mpaka Songea, mimi naona si jambo la ajabu. Haithibitishi, lakini haikatai. Takwimu nyingi za historia kazi yake ndiyo hiyo, kukuambia hiki hakiwezekani, hiki kinawezekana, endelea kutafuta.

Ila sasa milioni 4.1 nayo ina asili gani? Hapa ndipo utamu ulipo, vumilieni. Chukua hesabu za Tanganyika zilizofuata. 1931 watu karibu milioni 5.0. 1948 karibu milioni 7.5. 1957 milioni 8.8. 1967, Tanzania Bara peke yake, karibu milioni 12.0. Tafuta kasi ya ongezeko kwa mwaka kati ya hesabu moja na nyingine. 1921 hadi 1931 ni kama asilimia 2.0. 1931 hadi 1948 asilimia 2.3. 1948 hadi 1957 asilimia 1.8. 1957 hadi 1967 asilimia 3.1.

Mnaona kituko? Miaka ya 1931 mpaka 1948 ni miaka ya mdororo wa uchumi na Vita Kuu ya Pili, watu eti wakaongezeka kwa kasi kuliko miaka ya 1948 mpaka 1957, wakati dawa mpya zimeshaanza kuingia hospitalini. Kina mama wa Tanganyika walikaa kikao wakakubaliana wapunguze? Jibu jepesi zaidi ni kwamba watu hawakuruka, kilichoruka ni kuhesabu. Sensa ya 1948 ndiyo ya kwanza kufanywa kwa utaratibu wa kisasa. Zilizotangulia zilitegemea maofisa wa wilaya, majumbe na orodha za kodi. Na orodha ya kodi jamani! Kodi ya kibanda ilikuwepo tangu 1898, rupia 3. Wewe ukimuona karani wa kodi anakuja kuhesabu vibanda utajipanga mstarini na familia? Utakuwa porini.

Kwa hiyo hesabu zile za mwanzo zina kosa, na kosa lenyewe lina mwelekeo. Halikosei juu na chini kwa bahati, linakosea chini, kwa sababu watu walijificha na hakuna aliyejitokeza mara mbili. Hii ni tofauti kubwa sana na kosa la futi kamba. Kosa la bahati litajifuta lenyewe ukipima mara nyingi, kosa lenye mwelekeo hata upime mara mia litabaki palepale. Na kama milioni 4.1 ni ndogo kuliko ukweli, basi watu wa kusini kabla ya vita nao walikuwa wengi kuliko tunavyodhani, na 300,000 inazidi kuwa rahisi kuaminika kama idadi, huku theluthi ikizidi kuwa ngumu kuaminika kama sehemu. Soma tena hiyo sentensi taratibu, hata mimi niliiandika pembeni ya daftari mara tatu ndipo ikakaa.

Sasa nataka kuwageukia wale wa kundi la 75,000, maana baadhi yao walikuwa wanaisema kwa sauti ya "kumbe hawakuwa wengi". Haya, tuwakubalie. Chukua namba ya mkoloni ilivyo, bila kuongeza hata mtu mmoja, iweke juu ya asili ileile ya 750,000 hadi 900,000. Unapata asilimia 8 mpaka 10. Mtu mmoja kati ya kumi, kumi na mbili. Sensa ya 2022 ilitukuta Watanzania 61,741,120. Asilimia 8 mpaka 10 yetu ni kama milioni 5 hadi 6, ndani ya miaka miwili. Hiyo ndiyo namba ndogo. Mimi ni mtu wa Songea, nikisikia mtu anaitaja kama punguzo la bei dukani damu inachemka kidogo, mtanisamehe.

Kuna mwenzetu mwingine naye alitaka kwenda mbali zaidi. Akasema angalia Lindi, sensa ya 2022 ina watu 1,194,028 tu katika mkoa wa kilomita za mraba kama 66,000, yaani watu 18 hivi kwa kilomita, wakati nchi nzima ni kama 70. Basi Maji Maji ndiyo iliyoikausha Lindi, mpaka leo. Inavutia, na ndani yake inaweza kuwemo chembe ya ukweli. Lakini mambo mawili kuwa mahali pamoja hakufanyi moja kuwa baba wa lingine. Sehemu kubwa ya Liwale iliingia kwenye pori la Selous na wanyama wake, mbung'o wapo, vijana kwa miaka mingi walitoka kwenda kufanya kazi mashamba ya mkonge, na barabara nzuri ya kwenda kusini tumeipata juzijuzi tu. Tena mkoa wa Lindi si eneo la vita, ni kipande chake, na mipaka imebadilishwa mara kadhaa. Helge Kjekshus mwaka 1977 aliandika kitabu kizima kwamba ukoloni ulipunguza watu na kuharibu uwezo wao wa kuyatawala mazingira, na wenzake wakamuuliza swali hilihili letu, umehesabu kutoka kwenye sensa ipi? Ubishi haujaisha na sioni aibu yoyote kwa hilo.

Kitu kilichonigusa kuliko vyote ni kazi ya A. T. Culwick, aliyekuwa ofisa wa kikoloni, na mkewe G. M. Culwick, miaka ya 1930 kule Ulanga. Wao hawakwenda kuhesabu makaburi. Walichunguza uzazi wa wanawake. Na hesabu yao ilionyesha kwamba njaa ya Maji Maji iliwapunguzia uzazi wale wanawake walionusurika kwa zaidi ya asilimia 25. Asilimia, takwimu ya darasa la sita tu. Lakini ifungue: kati ya watoto wanne ambao wangezaliwa, mmoja hakuja. Huyo hayumo kwenye 75,000, hayumo kwenye 300,000, hayumo kwenye mnara wowote, hana kaburi wala jina, na hakuna mzee anayeweza kumsimulia kwa sababu hakuwahi kuwepo. Masimulizi yasingeweza kumwona. Nyaraka za boma zisingemwona. Namba ndiyo iliyomwona. Sasa niambieni tena takwimu ni mambo ya watu wa uchumi.

Sisemi tuache masimulizi, hata kidogo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa hapahapa walirudi makwao likizo wakakaa na wazee, wakaandika waliyosikia juu ya Maji Maji, kazi ile bado inanukuliwa na kila anayegusa vita hivi. Wanafunzi kama sisi, pengine bumu lao nalo lilichelewa. Na pale kwetu Songea, tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa watu wanaotajwa kuwa 67, kila mwaka tarehe hiyo tunawakumbuka. 67 haina sifuri mwishoni. Hao majina yao yanajulikana, yameandikwa, watu wanakuja kutafuta la babu yao na kuligusa kwa kidole. Wale wa njaa hawana ukuta wa kugusa, wana makadirio tu, kwa hiyo angalau makadirio yenyewe tuyafanye kwa uangalifu.

Mwaka huu nikienda mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi akiniuliza walikufa wangapi sitamwandikia namba moja ubaoni. Nitaandika mbili, mbele ya kila moja jina la aliyeisema na mwaka, chini yake nichore mstari wa sehemu niwaulize asili yake ni ngapi. Kipindi ni dakika 40, najua nusu itaishia kwenye kugawanya na mwalimu wa hisabati atapita dirishani ashangae. Sawa tu.

Wasilisho letu ni Alhamisi wiki ijayo. Jedwali la kasi ya ongezeko nimeshalipanga, ila nataka kuona ripoti yenyewe ya sensa ya 1957, wilaya kwa wilaya, hasa Ulanga, Kilwa na Songea. Jumatatu nakwenda chumba cha East Africana pale maktaba, nitakuwepo tangu asubuhi. Anayetaka kuja aje na penseli, na kama kuna mwenye nakala ya zile karatasi za utafiti wa 1968 aniazime siku mbili tu, nitazirudisha na soda juu.